Mtambo Namba Mbili

Jumanne saa nne asubuhi umeme ulikatika, na jenereta ya hospitali ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Fundi mtambo akafuta mikono kwa tambara, akapanda ngazi hadi chumba cha upasuaji, ambacho hakina dirisha, akavua shati. Kifua chake kikawaka kama taa. Daktari alimwomba asogee kidogo kushoto, akaendelea kumshona mama aliyetoka kujifungua.

Mkewe, mpimaji wa maabara ya ghorofa ya chini, alikuwa ameshaona dalili. Mashuka yao yalikuwa yakitoboka vitundu vya moto. Hata upande wake yeye wa kitanda vilikuwapo vitundu, vichache. Alivitia viraka, hakumwambia mtu.

Alimtoa Fundi tone la damu, akazichunguza chembe nyeupe kwa hadubini hadi chai yake ikapoa. Kila chembe ina majiko yake, mitokondria, na majiko ya mumewe yalichapa kazi kuliko yote aliyowahi kuyaona. Alijaa fahari. Ila oksijeni iliyochomoka humo kabla ya kutumika sawasawa iligeuka cheche. Cheche ziliunguza utando wa jiko na kupinda vimeng'enya vinavyoliendesha, na jiko bovu likavujisha cheche nyingine. Nuru yote ile ilitoka hapo. Mwanamume alikuwa akijila mwenyewe.

"Ukipumzika mwezi mmoja, mwili utajirekebisha," alimwambia. "Ukiendelea hivi, utaniacha mjane."

"Basi niombee likizo, mke wangu. Mwandiko wako unasomeka."

Fomu ilirudi baada ya siku tatu. Karani wa stoo, mtu mpole mwenye herufi nzuri, alikuwa ameorodhesha vifaa na watu wa dharura katika safu nyembamba. Jina "Fundi mtambo" halikuenea, akaandika "Mtambo". Kwa kuwa jenereta ndiyo iliyokuwa namba moja, Fundi akawa namba mbili, na kibandiko chake kikaletwa. Mitambo haina likizo, ina matengenezo. Karani aliomba radhi, akasema daftari halifutwi, akamtumia kopo la grisi. Ombi la jenereta mpya nalo likakataliwa, kwa maelezo kwamba upo mtambo unaofanya kazi vizuri.

Na kweli ulifanya kazi vizuri. Fundi alisimama saa tano, saa sita, bila kuegemea ukuta, maana akitikisika kivuli kinaangukia kisu. Watoto kumi na mmoja walizaliwa kwa mwanga wake, na kila alipozaliwa mmoja, Fundi alimuuliza mkunga uzito wa mtoto. Mkewe alimpenda kwa hilo, na kwa hilohilo alimkasirikia. Magoti ya Fundi yalianza kulia kama bawaba. Ngozi ya mbavu ikawa nyembamba, mtu angeweza kusomea gazeti nyuma yake.

Mchana mmoja umeme ulikatika, na mwanga wa Fundi ukawa unafifia na kurudi. Daktari alisimamisha mkono. Mpimaji alipanda ngazi, akasimama upande wa pili wa kitanda cha mama mjamzito, akafungua vifungo vya koti lake jeupe. Chumba kikajaa mwanga.

"Kaa chini, Fundi," alisema.

 Fundi akavuta kiti, akakaa, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Karani alikuwa ameshafika mlangoni. Alingoja kwa adabu mtoto alie, ndipo akaingia na kibandiko cha namba tatu.