Bodi Mbili Zisizo na Alama

Baba akiwa hana utani huongea kwa ufupi. "Mama Vifaranga akiuchukua huo mtambo wenu, endelea na nyaya zako. Asipouchukua, Jumatatu uko kwa baba yako mdogo, unaziba pancha."

Sina ugomvi na pancha. Ila baba mdogo mwenyewe ana mdomo unaotoa upepo kuliko tairi zote anazoziba, na kushinda naye mpaka uzeeni ni adhabu ambayo sikuitendea kosa.

Kwa hiyo siku ya mgeni niliwahi kwenye karakana ya Mjomba, fundi friji, aliyetuachia kona nyuma ya majokofu mabovu tufanyie mambo yetu. Tulikuwa wawili: mimi, niitwaye Nyundo kwa sababu ya kichwa nilichojaliwa, na rafiki yangu Msumari, mwembamba kiasi kwamba akisimama upande unadhani kaondoka. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Amekula kwetu, nimelala kwao. Mama yangu akipakua chakula huuliza, "Na yule mwenzio mwenye njaa?"

Mtambo wetu hauhitaji maelezo mengi. Ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga unaweka bodi ndogo, sawa na kiberiti, yenye kipimajoto. Bodi inapima joto, inapeleka habari kwa waya mpaka kwenye kompyuta, na programu tuliyoiandika inachora mstari. Joto likishuka, kompyuta inapiga kelele. Mama Vifaranga, mwenye banda kubwa la kutotolesha, alishapoteza mayai mengi kwa sababu mlinzi wake anasinzia kuliko kuku. Aliahidi kuja mchana auone.

Tulikuwa na utaratibu tuliojivunia. Bodi ikiwashwa tu, kabla ya habari yoyote ya joto, inaiandikia kompyuta: SHIKAMOO. Isipojibiwa MARAHABA, inanuna, haisemi neno. Ikijibiwa, inajitambulisha: MTAMBO WA MSUMARI NA NYUNDO. Ndipo kazi inaanza. Msumari ndiye aliyelitunga hilo. Alisema chombo kisicho na adabu hakifai kukaa na mayai ya watu.

Bodi zilikuwa mbili, ya kazi na ya akiba, zinafanana kama punje za mchele. Niliwahi kushika kalamu ya wino mzito nizitie alama, Msumari akanizuia mkono. "Ukishaanza kuandika yangu na yako, ushirika umekufa. Zote zetu." Nikaona haya, nikaifunika kalamu.

Sasa mezani nikaikuta bodi moja, na Msumari hayupo. Nikampigia.

"Uko wapi wewe? Leo si siku ya kuchelewa!"

"Ndugu yangu, mama kaamka vibaya. Niko naye hospitali." Sauti ilikuwa imelegea kama nguo mbichi.

"Pole sana. Na bodi ya pili?"

"Iko mfukoni, nilipitiwa jana nikaondoka nayo. Hiyo moja si inatosha? Wewe anza, nikitoka hapa nakuja mbio."

"Mpe mama pole yangu."

"Amekusikia."

Nikachomeka. Taa ya bodi ikawaka, lakini kompyuta ikadai haijaona kitu.

"Imekufa?" Mjomba akauliza, kichwa chake kikiwa ndani ya friji.

"Inapumua, Mjomba, ila haisemi."

"Kama mke wangu nikichelewa kurudi."

Nikaukagua waya. Haukuwa ule wetu mweusi. Ulikuwa mweupe, wa kuchajia simu, na nyaya za namna ile nyingi hupitisha umeme tu, habari hazipiti. Unamlisha mtu huku umemziba mdomo. Nikamshuku binti wa Mjomba, ambaye kwenye mambo ya chaja hana dini. Nikaenda kuazima mwingine kwa dada wa fotokopi, jirani yetu.

Safari hii kompyuta ikaiona bodi. Nikafungua programu nikisubiri salamu. Badala ya SHIKAMOO zikamwagika alama: vijiti, maswali, herufi zenye vilemba, kama panya aliyekanyaga wino akapita kwenye karatasi.

Hapo mtu wa nyaya anajua pa kuanzia. Bodi na kompyuta lazima zikubaliane kasi ya kuongea. Moja ikisema mbio na nyingine ikisikiliza polepole, kinachofika ni takataka. Kasi yetu tangu mwanzo ilikuwa 9600. Nikatazama programu, 9600 ipo. Nikachomoa, nikachomeka. Takataka. Nikaizima kompyuta na kuiwasha, ile dawa ya wanyonge. Takataka. Nikampigia Msumari, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikajiambia yuko mbele ya daktari.

Nikaanza kujaribu kasi nyingine, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa funguo mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Nilipoweka 115200, alama zikajipanga zikawa maneno safi.

TAJA JINA.

Nikacheka. Msumari na utani wake! Nikaandika MARAHABA.

SIKUJUI.

Nikaandika NYUNDO.

SIKUJUI.

Cheko likaniishia. Nilibaki nimeuweka mkono juu ya vibonyezo, sitaki kuandika jina lililobaki, kwa sababu jibu nilishaanza kulishuku. Nikaandika MSUMARI.

KARIBU, MKURUGENZI. MTAMBO WA MSUMARI. Na vipimo vya joto vikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari, bila kosa.

Bodi haijibadilishi yenyewe. Programu ya ndani yake tunaijua watu wawili, na mmoja ni mimi. Nikamtafutia udhuru kwa bidii ambayo sikuwahi kuipeleka kwenye mtihani wowote. Labda alikuwa anajaribu kitu. Labda alisahau kurudisha. Labda mkurugenzi ni mimi, na Msumari ni karani tu.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Ndugu yangu, swali dogo tu, napoteza muda hapa kwenye foleni. Eti bodi ikitoa takataka tupu, na kasi umeweka vizuri kabisa, inakuwa nini?"

Kabla sijajibu nikasikia nyuma yake pi-pi-pi-pi-pi, sauti ndogo zisizo na idadi.

"Hospitali hiyo wanalaza vifaranga?"

"Ah, simu ya mtu hapa. Mlio wake mbaya."

Halafu ikaja sauti ya mwanamke, karibu kabisa: "Kijana, mimi nina kazi. Umekuja unanichorea nyayo za kunguru tangu saa ile. Kama huyo mwenzako asingekata tamaa akakuachia kila kitu, si leo angekusaidia?"

Nikakaa chini, juu ya mtungi wa gesi wa Mjomba. Kumbe mimi nilishakata tamaa, na taarifa sijapewa.

Yote yakanijia pamoja. Bodi moja aliigeuza iwe yake. Alipanga kuondoka nayo, na waya mweusi, aende bandani mwenyewe na programu mpya kwenye kompyuta nyingine, aniachie ile ya zamani inayoamkia watu, nikae nayo mchana kutwa nikimngoja mgeni asiyekuja. Lakini bodi zilikuwa hazina alama. Zote zetu. Akabeba yetu, akaniachia ya kwake.

"Nyundo? Uko hapo?"

Ningeweza kukata simu. Sikukata. Nilitaka majina yote mawili ayasome kwa macho yake.

"Rudisha 9600," nikasema. "Kasi yetu. Itakuamkia. Programu yako mpya haijui kujibu, kwa hiyo iandikie mwenyewe. Neno unalijua, ulilitunga wewe."

"Kasi yetu kivipi?"

"Hiyo uliyoshika ndiyo yetu. Ya kwako ninayo mimi hapa. Imenikaribisha vizuri sana, mkurugenzi."

Nikasikia vibonyezo vikilia polepole, kama mtu anayejichimbia kaburi. Halafu Mama Vifaranga, mcheshi: "Haa! Kinasema shikamoo! Sasa unangoja nini? Hata mtoto anajua kuitikia." Vibonyezo tena, vizito, vya kidole cha mtu mzima. Kisha akasoma neno moja moja. "Mtambo wa... Msumari... na Nyundo."

Simu ikahama mkono.

"Nyundo ni wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uliacha kazi?"

"Sikuacha, Mama. Niko hapa nakungoja wewe."

Akavuta pumzi ndefu. "Mtambo nimeuona, na ni mzuri, sitawaficha. Lakini mayai yangu siyaweki chini ya kuku wawili wanaodonoana. Huyu kakuruka wewe uliyekua naye, mimi wa jana atanifanya nini? Na wewe siwezi kukuchukua nusu. Poleni."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni, nikisikiliza vifaranga ambao hawapo tena.

Mjomba akatoa kichwa kwenye friji. "Vipi, umeupata ubovu?"

"Waya mzima, Mjomba. Bodi nzima. Kompyuta nzima."

"Sasa kibovu nini?"

Ujumbe ukaingia kabla sijajibu. Msumari: *Samahani ndugu. Nilitaka nitangulie mimi kwanza, halafu nikuvute.*

Msumari hauvuti mtu. Unamchana nguo tu.

Nikaichomoa bodi. Nikaitafuta ile kalamu ya wino mzito kwenye droo, nikajaribu ncha yake kwenye kiganja cha mkono, ilikuwa bado hai. Nikaandika juu ya bodi, kwa herufi kubwa: YAKE. Nikaifunga kwenye gazeti, nikamwachia Mjomba ampe akija kuifuata, maana atakuja.

Halafu nikampigia baba mdogo kumuuliza Jumatatu wanafungua saa ngapi. Akaanza kunijibu. Mpaka nafika nyumbani alikuwa hajamaliza.