Sauti Chini ya Shuka

Shuka lile nililishona mwenyewe. Pamba nzito, nyeupe, pindo mara mbili kila upande ili lisichanike likivutwa. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona magauni ya harusi yakasifiwa mji mzima, lakini kazi yangu iliyokaa vizuri kuliko zote ni hilo shuka la kumfichia mwanangu.

Wenye kuniuliza kwa nini nilimficha hawajapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba saba na ua mmoja. Binti yangu alianza kuanguka akiwa na miaka minne. Mara ya kwanza majirani walikuja kusaidia. Mara ya tatu walikuja kutazama. Baadaye kikombe alichonywea wakawa wanakichemsha, kama vile kifafa kinaambukiza. Basi nikajitengenezea utaratibu wangu. Nikiona anaanza kutafunatafuna na mkono unapinda, namlaza ubavu, natandaza shuka kuanzia kichwani, na mimi naingiza kichwa humohumo. Nafumba macho, naomba Mungu kimoyomoyo, tunasubiri wote wawili ipite. Miaka kumi na tisa tumefanya hivyo.

Tunamwita Shangazi, maana alizaliwa na sura ya dada wa baba yake, na mdomo wake pia. Hata siku ile tulipolazwa hospitali, mpimaji wa ubongo alipoanza kumgundishia nyaya kichwani, moja baada ya nyingine, Shangazi alimtazama akamwambia, "Dada, ukimaliza utanichomeka ukutani?" Mpimaji akacheka mpaka miwani ikateleza. Tangu hapo jina la huyo mpimaji likawa Fundi Umeme.

Daktari alikuwa ametueleza taratibu, kama mtu anayejua kuwa mbele yake yuko mama aliyechoka. Dawa tatu zilishashindwa. Zamani wangetuongezea ya nne na ya tano, alisema, lakini siku hizi utafiti umeonyesha kwamba mbili zikishindwa, ya tatu nayo mara nyingi hushindwa, kwa hiyo ni bora kutafuta mapema chanzo chenyewe. Picha ya kichwa ilionyesha kovu dogo upande wa kulia, huenda la homa kali ya utotoni. "Kama kifafa kinaanzia hapo, tunaweza kulitoa na akapona," alisema. "Lakini siwezi kumpasua mtu kwa kubahatisha. Lazima nimwone akianza. Mkono gani unatangulia, macho yanakwenda wapi." Ndiyo maana wakampunguzia dawa kwa makusudi, wakamwekea kamera ukutani na kinasa sauti juu ya kitanda. Tulipewa siku tano. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya mwaka mzima ya watu wanaokingoja kitanda hichohicho.

Ikaja siku ya tatu, saa nne asubuhi. Mkono ukapinda. Wallahi sikuwaza chochote. Mikono yangu ilitenda yenyewe, na Fundi Umeme alipoingia mbio alikuta kichuguu cheupe, lile shuka langu nililokuja nalo, na miguu yangu ikiwa nje. Alipolivuta shuka, ilikuwa imeshapita.

Hakunifokea. Aliniita chumbani kwake akaniketisha mbele ya kioo cha kompyuta. Upande mmoja mistari ya ubongo wa mwanangu, upande wa pili picha. Nikaona mistari inavurugika. Nikaona na shuka, linatikisika, limefura kwa vichwa viwili. Nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Nilijitazama mimi mwenyewe nikaona kitu kinachozikwa na bado kinapumua.

Halafu shuka likaanza kusema.

"Mchukue. Mungu, mchukue tu apumzike. Nimechoka. Mchukue."

Ilikuwa sauti yangu. Miaka yote hiyo nilidhani sala ile naisema moyoni, haitoki nje ya meno. Kumbe ina sauti, na tena si ndogo.

Fundi Umeme alikuwa ameinamia vitufe vyake. "Mama, mimi sauti sisikilizi," akanidanganya, Mungu amlipe. "Mimi nataka picha. Hapa nina picha ya shuka, na shuka daktari hawezi kulipasua."

Nilimkabidhi shuka alifungie kabatini. Nikarudi kukaa kando ya kitanda, na lile neno likanifuata. Mgonjwa wa jirani akikokota kandambili zake sakafuni, nalisikia, mchukue, mchukue. Maji yakidondoka kwenye sinki, nalisikia. Shangazi akinitania kwamba nimekuwa bubu ghafla, naitikia kwa kichwa. Nilimwonea aibu mtoto niliyemzaa. Lakini nilijipa moyo kwa jambo moja: akiwa kwenye ile hali yeye hayupo. Hajawahi kujua kinachotokea. Hilo nililishikilia kama ukingo wa kisima.

Siku ya nne haikutokea kitu. Siku ya tano, ya mwisho, tuliambiwa nyaya zitatolewa saa kumi na mbili jioni. Saa tisa na nusu Shangazi alikuwa anakula mkate, akasimamisha tonge njiani. Akaanza kutafuna, na mdomo hauna kitu.

Nikabonyeza kitufe cha kuita. Kisha nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Kwa mara ya kwanza niliitazama ile hali mchana kweupe, macho wazi, yangu na yake. Mkono wa kushoto ulipinda polepole ukakakamaa. Wa kulia ukawa unapapasa godoro. Macho yalitangatanga, yakapita dari, yakapita kamera, yakaja kutua kwangu.

Fundi Umeme alikuwa ameshafika, ameinama sikioni mwake. "Shangazi! Shika neno hili. Sufuria ya bluu. Sufuria ya bluu!"

Hakujibu. Baada ya dakika mbili mkono ukalegea, akavuta pumzi ndefu, akafuta mate kwa bega.

"Nilikuambia neno gani?" Fundi Umeme akamuuliza.

Shangazi akamtazama kama aliyeulizwa jina lake. "Sufuria ya bluu. Kwani mnapika?"

Fundi Umeme aliruka, mtu mzima yule. Mkono wa kushoto umetangulia, mistari imeanzia kulia, palepale kwenye kovu, na mgonjwa alikuwa anasikia kila kitu, ila tu hawezi kujibu! Alikuwepo muda wote! Akatoka mbio kumwita daktari, na huku nyuma furaha ya chumba kizima ikanipita bila kunigusa.

Tukabaki wawili. Shangazi akaokota mkate wake, akaupangusa.

"Huwa unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia."

"Siku zote?"

"Tangu nina akili zangu, mama."

"Na chini ya shuka?"

Akaacha kutafuna. Nikajua kwamba anajua.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia nini? Ungeacha kuingia na mimi mle ndani." Akaushika mkono wangu kwa ule wake wa kushoto, ambao bado haukuwa na nguvu. "Halafu na mimi nilikuwa naomba, ni vile tu sauti haitoki. Wewe ukianza, na mimi naanza. Nasema, Mungu, usimsikilize mama, amechoka tu."