Simba Aliyejifanya Amelala

Kwenye maonyesho, mwalimu wa sanaa aliwaeleza wageni picha moja: sungura anacheza ngoma juu ya mgongo wa simba aliyelala, chini ya anga jekundu.

“Wekundu huu ni hatari,” alisema. “Sungura anachezea mauti.”

Wageni wakaguna kwa huzuni. Baba wa mchoraji, fundi viatu ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa picha kabla ya siku hiyo, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

“Samahani, mwalimu. Huyo simba yuko macho. Tazama, jicho moja liko wazi kidogo, na mkia ameukunja usimwangushe mwenzake. Na wekundu huo ni jua la asubuhi tu.”

Mwalimu akasogea, akachungulia, akacheka mwenyewe. “Jicho lilinipita kabisa! Umejuaje, mzee?”

“Binti yangu alipokuwa mdogo, kila nikijilaza alinipanda mgongoni akacheza. Nikawa najifanya nimelala, asije akaacha.”

“Nilijua, baba,” mchoraji akasema.

“Ulijua? Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Mtu aliyelala hakoromi huku anacheka.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na fundi viatu akamkumbatia bintiye.