Jinzi Haisemi Uongo

Mume wangu Othman ni dereva wa hoteli kule Diani. Mgeni wa Kijapani alimpa jinzi ngumu kama gunia, akamwambia asiifue mwaka mzima. Nililalamika inanuka hadi nikachoka.

"Sasa imelegea, imenikaa mwilini," alijisifu. "Na inapauka pale tu mwili unapofanya kazi. Jinzi hii haisemi uongo."

Mwaka ulipotimia akaitandaza jamvini nijionee. Makalioni ilikuwa imepauka kwa kukalia kiti cha gari, na mfukoni simu imeacha alama yake.

"Baba Salwa, adhuhuri na alasiri huwa unasali huko huko kazini?"

"Alhamdulillahi, sikosi."

"Ukiwa na jinzi hii?"

"Hii hii."

"Basi mbona magotini bado ni mpya?"