Namba Ishirini na Saba

Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu walimwita Mwalimu Koma, na jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake. Daftari likifika mezani kwake na koma imesahaulika, lilirudi jekundu kama limechinjiwa kuku. Mkewe alikuwa akisema hata barua ya uchumba alimrudishia imesahihishwa. Lakini moyo wake ulikuwa laini, jamani, na watoto walijua.

Basi muhula ule akaja mtafiti, binti aliyewahi kukaa darasani kwake, sasa yuko chuo kikuu. Alitaka kujua vijana wakipewa hadithi za Kiingereza za vijana wenzao, wanazisoma kwa moyo au wanameza tu wapite mtihani. Akagawa nakala arobaini na moja za riwaya moja, ya msichana anayelelewa na mjomba, na mjomba huyo si mtu wa kuachiwa mtoto. Wakishasoma, wajibu maswali. Hakuna kuandika jina, kila mtu namba yake, na orodha ya majina na namba anayo Mwalimu Koma peke yake.

"Tukimaliza uichome, Mwalimu. Watoto wakijua wanajulikana hawasemi kweli."

"Hilo niachie mimi, mwanangu."

Na akaichoma, siku ileile majibu yalipochukuliwa, ndani ya kopo la maziwa nyuma ya ofisi ya walimu. Jivu akalikoroga kwa kijiti. Akarudi ndani anapiga mluzi.

Wiki tatu hazijaisha, binti huyo karudi, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Mwalimu. Ile orodha iko wapi?"

"Marahaba. Orodha gani tena? Si ulisema niichome?"

Binti akakaa, akafungua mkoba wake.

"Na karatasi zenyewe?" mzee akauliza. "Miandiko ya watoto wangu naijua hata nikiwa nimefumba macho."

"Karani ameshaingiza kila kitu kwenye kompyuta. Karatasi zikapitishwa kwenye mashine ya kukata. Ndiyo utaratibu wetu, Mwalimu, ili asijulikane mtu."

Akampa ukurasa uliochapwa. Swali la tano: kitabuni kuna nini kinachofanana na maisha yako? Namba ishirini na saba alijibu hivi: Msichana wa kitabuni mlango wake una komeo. Wangu hauna. Mwalimu akiniuliza, nitasema.

Mzee akasoma mara mbili, kalamu nyekundu mfukoni, hakuigusa.

"Tuwaite mmoja mmoja," binti akasema. "Kimyakimya. Wote arobaini na moja, ili asionekane yeyote."

Hayo yalikuwa maneno ya akili. Lakini mzee wa watu roho ilikuwa juu, hakuweza kungoja kesho. Akaingia darasani kipindi hichohicho.

"Aliyekuwa namba ishirini na saba abaki kengele ikilia. Hana kosa lolote."

Shingo zikageuka. "Ishirini na saba, umekwisha!" mmoja akapaza sauti, darasa zima likaangua kicheko. Kengele ikalia, wakatoka wote wakisukumana, hakubaki hata mmoja. Kufika mchana ilikuwa tayari ni utani wa shule nzima. Ukikaa kimya kidogo tu, unaambiwa, "Kumbe ndiye wewe, ishirini na saba!"

Kesho yake asubuhi wakaanza kuwaita kwa kufuata rejista, yeye na mtafiti, katika chumba cha kuwekea ramani. Walifika jina la kumi na moja, mzee akaitwa ofisini. Kuna mgeni.

Mgeni alikuwa mwanamume nadhifu, mcheshi, ameshika fomu ya uhamisho iliyokwisha kugongwa muhuri na mkuu wa shule. Nyuma yake amesimama msichana anayekaa dirishani, safu ya tatu. Mtoto mpole, koma zake zote mahali pake, ndiyo maana mzee hakuwahi kumtazama mara mbili.

"Mimi baba yake mdogo, Mwalimu. Tunamhamisha. Imebaki sahihi yako tu, ya mwalimu wa darasa." Akacheka. "Mdogo wake yuko kidato cha kwanza hapa, jana katuchekesha kweli. Eti siku hizi mnacheza mchezo wa namba?"

Aibu ikampanda mzee mpaka masikioni. Akaona amekuwa kichekesho hadi majumbani kwa watu. Akavuta fomu, akatia sahihi harakaharaka, nakala ya shule akaikunja mfukoni, ili arudi kwa jina la kumi na mbili.

Msichana akaweka riwaya mezani. "Kitabu chenu, Mwalimu." Kisha hakuondoka. Akasimama pale anamtazama.

"Asante, mwanangu. Kasome kwa bidii."

"Twende," baba mdogo akasema. Wakaenda.

Mzee akachukua kitabu akirudishe kabatini. Kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa uliokunjwa, pale msichana wa hadithi anaposukuma komeo. Pembeni, kwa penseli, mwandiko anaoujua: 27.

Alikimbia, na magoti yale ya uzee, mpaka getini. Barabara ilikuwa tupu.

Kituo cha polisi kilikuwa jirani. Askari wa mapokezi akafungua kitabu chake, akamsikiliza bila haraka. Jina la mtoto? Akalitaja. Nyumbani? Mtafiti alikuwa ameshakwenda huko, akapiga simu: mlango una kufuli, majirani wameona mizigo ikitoka alfajiri, na mdogo wake naye kaondoka nayo.

"Amehamishiwa shule gani, mzee? Hapo tutampata."

Mzee akafungua nakala ya fomu. Mstari wa shule mpya ulikuwa mweupe, haujaandikwa neno. Chini yake sahihi yake, imenyooka, na nukta mwishoni.