Herufi za Mkaa

Tangu uvumi uzagae machimboni kwamba dhahabu imekimbilia chini na kuna mganga ameitwa kuirudisha, Mageni hakumwacha bintiye aende hata chooni peke yake. Nelly, mtoto wa miaka minane, alizaliwa na ualbino, na kule Ushetu kila mtu alijua waganga wa namna hiyo huagiza nini. Shule ikakoma. Mageni alipika wali na maharage ya wachimbaji mbele ya kibanda, mtoto akashinda ndani nyuma ya pazia.

Aliyekataa mambo yaishie hapo ni Mwalimu Euphrasia. Mchana, akitoka darasani, alipitia kibandani na kitabu cha darasa la kwanza kwapani. Lakini Nelly hakukitaka. Kikifunguliwa, alifumba macho. Akibembelezwa, alikisukumia uvunguni.

“Unisamehe, Mwalimu,” Mageni alisema kwa aibu. “Mtoto ana kiburi.”

“Si kiburi, Mama Nelly. Darasani alikaa nyuma kabisa. Nadhani haoni vizuri, na akisogeza kitabu puani wenzake wanamcheka.”

Siku hiyo mwalimu akaomba kipande cha mkaa, akaingia nacho ndani. Kwenye ukuta uliopakwa chokaa akaandika herufi kubwa kama sufuria: M, kisha A. Nelly akajivuta taratibu hadi pua ikakaribia ukuta. Akazipitishia kidole.

“Ma,” mwalimu akasema.

Nelly akakirudisha kidole kwenye M.

Mageni alikuwa amerudi nje jikoni anakoroga maharage pale pikipiki iliposimama. Mwanamume aliyeshuka hakuwa mchimbaji. Viatu vyake vilikuwa safi mno. Hakuulizia chakula.

“Habari za hapa, mama.”

“Nzuri.”

“Nimesikia una mtoto. Yule mweupe. Yuko wapi?”

Mwiko ukamponyoka Mageni. Uongo alikuwa nao tayari siku nyingi, kwamba mtoto yuko Geita kwa bibi yake, na sasa akafungua mdomo autoe. Kabla hajautoa, nyuma ya pazia, akasikia sauti ndogo ya Nelly, sauti ya mtu anayejaribu kitu kwa mara ya kwanza.

“Ma. Ma… ma. Mama.”

Miezi yote alikuwa akiomba asikie mwanawe akisoma, na sasa alitamani amzibe mdomo.

Mwanamume akageuza kichwa, akalitazama pazia. Likafunguka, na Mwalimu Euphrasia akatoka, vidole vyeusi kwa mkaa, akasimama katikati ya mlango.

“Mimi ni mwalimu wake. Wewe nani?”

“Tunagawa kofia za jua kwa watoto kama hao.” Akatabasamu.

“Ziko wapi?”

Mikono ya yule mtu ilikuwa mitupu, na pikipiki haikubeba kitu. Mwalimu akatoa simu, akampigia mtendaji wa kijiji palepale, akamtajia namba za pikipiki moja moja, kwa sauti ya kusikika. Kabla hajamaliza, mtu yule alikwisha ondoka, na vumbi lake likatua juu ya wali.

Alitaka nini hasa, hawakujua, wala Mageni hakungoja kujua. Mtendaji alikuja na walinzi wawili wa sungusungu, nao wakawasindikiza mama na mwana mpaka kwenye basi la Kahama. Njia nzima Mageni alimficha Nelly chini ya khanga, na kila abiria aliyepanda alimkagua viatu.

Sasa wanaishi Nyasubi, mjini Kahama, kwa Klara, dada yake Mageni. Shuleni Nelly anakaa mbele kabisa, na mwalimu wake mpya humwandikia kwa herufi nene. Mageni humpeleka, kisha hukaa langoni hadi kengele ya kutoka.

Jioni moja Nelly alileta kitabu kutoka shuleni, akakisogeza puani, akaanza kusoma habari ya kuku na vifaranga. Mageni aliinuka, akafunga komeo, akarudi kuketi.

“Soma kwa sauti ndogo, mwanangu. Watu wanapita nje.”

“Mayu,” Nelly akamwita mama yake kwa lugha ya nyumbani, “mwalimu amesema nitoe sauti.”

Mageni akautazama mlango. Akaibana mikono katikati ya magoti.

“Haya,” akasema. “Itoe.”