Mkeka Alioukalia Malaea

Miaka thelathini na moja familia ile ilimwombea Malaea muujiza, kila Jumapili mara mbili, kwa sauti za kutaka kuezua paa la kanisa. Homa ilimwondolea macho na masikio akiwa na miaka tisa. Katika waombaji wote hao hodari, hakuna aliyewaza kumshika mkono na kumwandikia neno kiganjani. Na herufi alizijua! Alishafundishwa nyumbani kwa mchungaji kabla ya homa. Ulimi nao alikuwa nao. Aliuliza maswali weee, akakosa wa kumjibu, mwishowe akanyamaza. Wakasema, "Masikini, na akili nazo zimekwenda." Akili zilizokwenda ni zao.

Kisha binamu yake Sieni akarudi kisiwani kwao Savai'i, baada ya miaka ishirini ng'ambo, mjini Auckland, akiwatunza watu wasioona wala kusikia. Alasiri ya kwanza tu alimfuata Malaea kwenye nyumba ya wasusi wa mikeka, alikoshinda akisuka kwa kupapasa, akamchorea kiganjani kwa kidole, herufi moja moja: MIMI SIENI.

Malaea akaganda. Halafu akafungua kinywa, sauti imekwaruza kwa kukaa bure. "Sieni yule mwizi wa mapapai?"

Sieni akacheka huku analia. Fuatino, mke wa kaka yake Malaea, akabetua mdomo. "Unamtekenya tu huyo. Kesho atakuwa kashasahau."

"Wifi yangu, uliyesahau ni wewe. Umesahau kwamba ni mtu."

Miezi miwili haikuisha, Malaea alikuwa anabishana, anasengenya, anauliza nani kafa na nani kaolewa na mjinga gani. Ile familia ya maombi ikawa inamkwepa.

Ikafika siku ya kuonyesha mikeka. Mkeka mmoja wa heshima humla msusi miaka, kwa majani ya mkadi yaliyochanwa membamba kama uzi. Ukikamilika, wanawake huutembeza uwanjani, na msemaji wa kijiji hupaza jina la aliyeusuka. Malipo yake ni hayo tu. Huu wa Malaea, wa nne, ulikuwa umemchukua miaka minne.

"Leo utaniandikia wakilitaja jina langu," alimwambia Sieni asubuhi ile. "Mara tatu limenipita. Leo nalitaka."

Mzee Taupisi, msemaji mwenyewe, akaegemea fimbo yake, akapaza: "Mkeka huu umesukwa na Fuatino, mke wa Peniamina!"

Watu wakashangilia. Fuatino akacheza kwa madaha, hana hata haya.

Sieni akamgeukia Peniamina, hasira zimempanda. "Mkeo kausuka lini? Huyu hata fagio hajui kulifunga!"

"Polepole, dada. Ndivyo tulivyozoea. Malaea hasikii. Jina la mtu asiyelisikia, ulitaje la nini?"

"Na ile mitatu?"

"Nayo hivyo hivyo."

Malaea alikuwa akimvuta mkono. "Wameshalitaja?"

Sieni angeweza kudanganya. Roho ikamuuma, akaandika: WAMETAJA FUATINO. YOTE MINNE.

Malaea akajishika bega. "Kila mara nilipigwapigwa begani," akasema, uwanja mzima unasikia. "Nikadhani wananipongeza. Nikawa nashukuru."

"Tulikuwa tunakusogeza utupishe," Fuatino akaropoka.

Sieni akaliandika na hilo, neno kwa neno. Malaea akainuka, akapapasa mpaka akaupata mkeka, akaketi juu yake, kitako kizima, na miguu yake ya vumbi. Mkeka wa heshima haukaliwi, hata na mkuu wa ukoo. Wazee wakaguna, akina mama wakafunika midomo. Peniamina akambembeleza kwa maneno matamu, akasahau kuwa hasikii.

Mzee Taupisi akaona aibu inamjia yeye. "Nasahihisha! Umesukwa na Malaea!"

Sieni akaandika.

"Kasema kweli?" Malaea akauliza. "Mimi sijasikia kitu. Mwambie aache makelele, aje aandike mwenyewe."

Looo! Mzee Taupisi, asiyemwinamia mtu isipokuwa mchungaji, akatazama huku na huku, asione wa kumwokoa. Akalaza fimbo chini. Akapiga magoti, akashika kile kiganja, jasho linamtiririka, akachora herufi sita, moja moja, kijiji kizima kikimkodolea macho.

Malaea hakuuondoa mkono.

"Huo mmoja," akasema. "Bado mitatu."